Nzohe alikuwa na jina kabla ya Speke

Tarehe 25 Novemba 1861 maofisa wawili wa jeshi la Waingereza la India waliwasili Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa mfalme wake, Omukama Rumanyika, baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa mwendo tangu waiache pwani. John Hanning Speke na James Augustus Grant walikuwa rika moja, kila mmoja ana miaka 34. Kilichowatoa kwao ni kutafuta chanzo cha Mto Nile, lakini njia nzima walikuwa wakipima, wakichora, wakichuna ngozi za wanyama na kukausha majani ya mimea. Karagwe iliwafaa kuliko sehemu nyingi walizopita. Mwenyeji wao alikuwa mtu wa kuuliza na wa kujibu, hali ya hewa ya milimani iliwapa ahueni, na mabonde yalijaa viumbe. Speke aliondoka Januari 1862. Grant, aliyeugua mguu hata akashindwa kutembea, alibaki hadi Aprili. Waliporudi London mwaka 1863, miongoni mwa waliyoyaleta alikuwamo swala mmoja ambaye hakuwamo katika orodha za wanasayansi wa huko. Philip Lutley Sclater wa Jumuiya ya Zuolojia ya London akampa jina la Speke, na hadi leo vitabu vya dunia nzima vinamwita Tragelaphus spekii.

Swala huyo ni nzohe. Ana kwato ndefu zilizotanuka zinazomsaidia asizame kwenye matope, manyoya marefu yenye mafuta yasiyoloa upesi, na akishtuka hujididimiza majini mpaka ibaki pua tu juu. Makazi yake ni ndani ya mafunjo, mahali ambapo mgeni anaweza kupita hatua chache kutoka alipojificha asione kitu. Mnyama wa namna hii haonwi kwa bahati, humwona aliyeelekezwa. Na kwamba Speke alielekezwa, ushahidi umo ndani ya kitabu chake mwenyewe cha safari, kwani humo alimwandika nzoe, kama masikio yake yalivyolipokea jina kutoka vinywani mwa watu. Watu wanaompa mnyama jina lake peke yake, wasimchanganye na pongo wala na tohe, wameshamtenga na wenzake kwa umbo, kwa makazi na kwa tabia. Kutenga huko ndiko mwanzo wa elimu ya viumbe, na kulishafanyika katika mabonde ya Karagwe muda mrefu kabla meli iliyowaleta Speke na Grant haijatia nanga Zanzibar.

Nimeanza na nzohe kwa sababu leo kazi ya Speke na Grant inafanywa upya kwa vyombo vipya. Kijana mwenye kamera huzunguka dunia, leo Madagaska, mwezi ujao Amazon, akiandikisha ndege, vyura, vipepeo na wanyama wa usiku, na mamilioni ya watu humfuatilia kwenye simu zao. Wanafunzi wa sekondari katika kata ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe, wanaweza kumwona kama wanavyomwona wenzao wa London. Sina ugomvi na kijana huyo. Hofu yangu ni somo ambalo mtoto wa Nyabiyonza analichukua kimyakimya: kwamba viumbe wanaostahili kuandikwa wako mbali, na kwamba anayeandika ni anayesafiri. Ninachodai ni kinyume chake. Kuandikisha viumbe ni kazi ya mkaaji kabla ya kuwa kazi ya msafiri, na tangu siku za Rumanyika tumepata hasara kwa sababu anayejua hakuwa na daftari na mwenye daftari hakukaa.

Tuitazame historia ya Tanzania yenyewe, maana hapa mfano si mmoja. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe waliwahoji wawindaji wa vijijini kuhusu wanyama wa huko. Wakatajiwa nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Mwanzoni watafiti walisita, kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa hadithi pamoja. Baadaye mwaka huohuo walimwona vizuri, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, na mwaka 2006 ikaonekana kwamba hafai kuwekwa hata katika jenasi ya ndugu zake, akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus. Nyani mzima, mkubwa, katika nchi iliyotembelewa na watafiti kwa zaidi ya miaka 100, hakuwa anafahamika kwa yeyote isipokuwa watu walioishi naye. Safari hii jina la wenyeji halikutupwa: linasomeka ndani ya jina la Kilatini, kipunji. Tena katika orodha ya waandishi wa tangazo la kwanza wamo Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Orodha hiyo inanipa moyo, nami nitairudia.

Kisa cha pili ni cha Udzungwa, mwaka 1991. Watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu, na miguu hiyo ilikuwa ndani ya sufuria ya mchuzi. Mwenyeji aliyepika alimjua ndege yule kama unavyomjua kuku wa jirani. Kwa sayansi alikuwa kwale mpya kabisa, akatangazwa mwaka 1994 kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Nzohe, kipunji na kwale wanasimulia jambo lilelile kwa nyakati tatu tofauti. Mgeni hakuleta ujuzi wa kwamba mnyama yupo. Alileta karatasi, kipimo, kielelezo cha kulinganishia na mahali pa kuchapisha. Vitu hivyo si vidogo, lakini ni vitu vinavyofundishika na kununulika, wakati kumjua mnyama aliyejificha kwenye mafunjo ni jambo linalotaka miaka ya kukaa jirani naye.

Thamani ya kukaa inaonekana Gombe kuliko kwingine kokote. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Ni kweli alikuwa msafiri, ila alifanya kitu ambacho wasafiri wengi hawakifanyi: alikaa. Na kituo chake cha kuchunguza sokwe kilipopatwa na msiba, waliokinusuru ni wakaaji zaidi yake. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika wakitokea upande wa Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni, ambao baadaye waliachiwa. Watafiti wa nje wakaondoka. Lakini Watanzania waliokuwa wameajiriwa kusaidia, watu wa mkoa wa Kigoma wasio na shahada yoyote, waliendelea kuwafuata sokwe siku baada ya siku na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Mfululizo wa kumbukumbu haukukatika. Hata kabla ya hapo, Januari 1974, mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyekuwa msituni sokwe dume wa kundi la Kasakela walipomvamia Godi wa kundi la Kahama, shambulio lililobadilisha dhana nzima ya sayansi kuhusu upole wa sokwe. Jambo kama hilo halimtokei mtu aliyekuja kwa wiki mbili na tiketi ya kurudi mfukoni.

Nasikia pingamizi la kwanza, na ni zito. Mtu aliyeona bonde moja tu atajuaje kwamba alichokiona ni kipya? Sclater aliweza kumtambua nzohe kuwa wa pekee kwa sababu alikuwa amezungukwa na mafuvu na ngozi za swala kutoka kila pembe ya Afrika. Watu wa Karagwe walimjua nzohe, lakini hawakuwa na njia ya kumlinganisha na swala wa majini wa nchi za kusini ambao Livingstone aliwaandika. Nakubali, tena naongeza ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Katika Ziwa Victoria, lililo jirani kabisa na Karagwe, wavuvi waliita samaki wengi wadogo kwa jina moja, furu. Kumbe ndani ya jina hilo kulikuwa na spishi zaidi ya 500. Waliozitenga kwa kuhesabu magamba na kutazama meno ni wataalamu, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977. Ujuzi wa mkaaji una mipaka yake, na anayeukweza kupita mipaka hiyo anaukosea heshima.

Lakini kisa cha furu kina nusu ya pili. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu kiasi kwamba takriban spishi 200 zinahesabiwa kuwa zilitoweka. Nyingine zilitoweka kabla hazijapewa jina. Wataalamu walikuja, walifanya kazi ya sifa, ila walikuja wamechelewa, na kwa idadi ya watu wachache mno. Fikiria kama katika kila mwalo, kuanzia Bukoba hadi Musoma, kungekuwa na mtu mmoja tangu mwaka 1950 aliyeandika kila wiki samaki gani wameingia wavuni, wa rangi gani, wa kina gani. Asingejua Kilatini. Asingejua kwamba huyu ni spishi mpya na yule ni wa zamani. Hata hivyo mtaalamu wa Leiden angepokea miaka 27 ya kumbukumbu, na asingeanza na ukurasa mtupu. Kulinganisha hufanywa mezani, na meza inaweza kuwa popote. Siku hizi picha ya chura aliyepatikana jioni kwenye shamba la migomba Nyabiyonza humfikia mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Nairobi kabla ya chakula cha usiku. Kisichoweza kutumwa kutoka mezani ni chura mwenyewe, na usiku aliolia.

Pingamizi la pili ni la hadithi. Wapo wanaosema wenyeji huchanganya waliyoyaona na waliyoyasikia, hivyo kumbukumbu zao hazina uzito. Karagwe yenyewe inatoa mfano. Speke aliandika kwamba alisimuliwa habari za majitu ya Rwanda, yasiyoweza kuzungumza na binadamu, yanayojitokeza wanawake wakipita na kuwabana hadi kufa. Msomaji wa Ulaya angeweza kucheka. Lakini tarehe 17 Oktoba 1902 ofisa Mjerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi gorila wawili kwenye Mlima Sabinyo, mpakani mwa Rwanda, na mwaka 1903 Paul Matschie akamtangaza gorila wa milimani kuwa mnyama mpya. Kwa hiyo, miaka 40 kabla ya sayansi, habari za kiumbe mkubwa anayefanana na mtu katika milima ya magharibi zilikuwa zimeshafika masikioni mwa Speke, zimevikwa uongo wa kutisha juu ya ukweli. Hapo nalichukulia pingamizi hili kuwa hoja yangu. Masimulizi huota nywele yanapopita midomo mingi bila kuandikwa. Dawa yake ni kumfundisha kijana kutenga safu tatu: nimeona, nimeoneshwa, nimesikia. Lugha yetu ina maneno hayo tayari, na mtoto wa darasa la tano anajua tofauti yake vizuri, hasa anapojitetea mbele ya mwalimu.

Lipo pingamizi ambalo sipendi kulipita haraka, kwa sababu linatoka kwa watu wanaopenda wanyama kweli: kuandika mahali alipo mnyama ni kumchorea jangili ramani. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana iNaturalist, jukwaa linalotumiwa na watu wa kawaida duniani kote kuweka picha za viumbe, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini na kuonyesha eneo pana tu. Daftari la kijiji linaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini anayeamini kwamba ukimya unalinda awakumbuke vyura wa Mto Kihansi. Waligunduliwa mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa limeshaanza kujengwa, wakiishi kwenye hekta chache tu zilizolowanishwa na mvuke wa maporomoko. Walitangazwa rasmi mwaka 1999. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mvuke ukapungua, na kufikia mwaka 2009 walikuwa wametoweka porini. Waliorudishwa porini kuanzia mwaka 2012 ni uzao wa vyura karibu 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Tuhesabu: miaka minne tu kati ya kujulikana na kusafirishwa. Kama ugunduzi ungechelewa kidogo zaidi, chura huyo angekufa na kwisha bila mtu kuuliza. Kihansi, bwawa ndilo lililowaleta watafiti; mabonde yenye mafunjo hayana bwawa la namna hiyo. Yanakatwa na kulimwa kidogokidogo, msimu kwa msimu, na hakuna anayetumwa kuchunguza kilichomo kabla jembe halijaingia.

Mwaka 2019 serikali iliyapandisha hadhi mapori ya akiba ya ukanda huu kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato yenye kilomita za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe, iliyobeba jina la yule Omukama aliyewapokea Speke na Grant. Nafurahi kuona jina hilo kwenye ramani. Ila hifadhi ina mpaka, na viumbe wengi wadogo wako nje ya mpaka, kwenye chemchemi, kwenye vichaka vya makaburini, kwenye kingo za mito inayopita kati ya kahawa na migomba. Humo hakuna askari wa wanyamapori wala mtafiti. Yumo kijana anayechota maji. Na asiambiwe kwamba mkoa wake hauna cha kuandikwa: msitu wa Minziro, kule Missenyi, umeshahesabiwa spishi zaidi ya 600 za vipepeo, nyingi zikiwa za jamii ya misitu ya Kongo zisizopatikana kwingine Tanzania. Idadi hiyo ilipatikana kwa kuwa watu walihesabu.

Linabaki swali la ugali, au tuseme la matoke, na mtu mwaminifu hawezi kulikwepa. Kijana wa Nyabiyonza ana kahawa ya kuchuma na ada ya mdogo wake. Nani atamlipa kwa kutazama vyura? Kwa sasa hakuna, na siwezi kupamba jibu. Ninachoweza kuonyesha ni mahali ambapo fedha na heshima zinapita bila kumgusa. Mtafiti wa kigeni hawezi kufanya utafiti nchini bila kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa wanyamapori huratibiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Taasisi hizo zina uwezo wa kudai kwamba mtu aliyemwongoza mtafiti hadi kwenye kiota asiishie kwenye mstari wa shukrani mwishoni, kama mchango wake unatosha aandikwe mwandishi. Ndiyo maana nimesema nitarudia majina ya Mpunga na Machaga: yanaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana na halikuiangusha sayansi. Hifadhi tatu mpya zitahitaji waongozaji wanaomjua ndege kwa mlio. Kati ya kumleta mtu kutoka Arusha na kumwajiri aliyeanza kuandika milio hiyo akiwa darasa la sita, sioni kwa nini tuhangaike kuchagua.

Wala simwambii kijana asisafiri. Aende chuo cha wanyamapori cha Mweka, aende Nairobi, akipata nafasi aende Borneo akawaone orangutani. Mwenye miaka mitano ya kumbukumbu za bonde moja ataona mengi zaidi Borneo kuliko mtalii yeyote, kwa kuwa atakuwa na cha kulinganishia. Grant mwenyewe ananisaidia hapa. Miezi ambayo mguu ulimfunga Karagwe haikupotea. Mimea aliyoikusanya katika safari hiyo ilihifadhiwa Kew, na maelezo yake, pamoja na majina ya kienyeji na matumizi aliyoambiwa, yakachapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London kati ya 1872 na 1875. Kukaa kwa lazima kulimfundisha kuuliza watu wanauitaje mti na wanautumia kwa nini.

Karagwe ina mlango mwingine wa kuingilia kazi hii, nao ni wa zamani kuliko shule. Kila ukoo una muziro wake, kiumbe ambaye wanaukoo hawamli. Wahinda, ukoo wa Rumanyika, muziro wao ni nkende, yaani tumbili. Mtoto anazaliwa akiwa tayari amefungamanishwa na kiumbe mmoja wa nchi yake, ila siku hizi wengi wanalijua jina la muziro bila kumjua mnyama: anakula nini, anazaa lini, mara ya mwisho alionekana bonde gani. Shule ingeweza kuanzia hapo, kwa daftari la kawaida la mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili mahali, ya tatu jina la Kinyambo, lugha ya Karagwe, ya nne jina la Kiswahili kama lipo, ya tano kama ameona, ameoneshwa au amesikia. Na safu ya sita jina la aliyeona, limeandikwa kamili, la kwake na la baba yake, kwa sababu yule mtu wa Karagwe aliyetamka neno nzoe mbele ya Speke hayumo katika Tragelaphus spekii.